Jembe Lililoonja Udongo

Tumemzika Benadeta mwezi uliopita huko Mbozi, pembeni mwa mibuni aliyoipanda mwenyewe, na tangu nirudi hapa Soweto, Mbeya, watu wananiuliza kama alikuwa ndugu yangu. Nawajibu kwamba tulikaa chumba kimoja chuoni. Wanatikisa kichwa kwa heshima, lakini naona wanajiuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti haya, aende kukaa msibani mpaka watu watawanyike kwa ajili ya mtu aliyekaa naye chumba kimoja hata mwaka haukutimia. Sina jibu fupi. Mimi si mtu wa kulia sana, na hata kaburini sikulia. Nilikuwa naangalia udongo ule mwekundu ukirudishwa shimoni, nikawa nawaza udongo mwingine, wa Iringa, mwaka wa sabini na sita. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na nikijiuliza kwa dhati nilijifunza wapi, naona sehemu kubwa nilijifunza mwaka ule mmoja, tena jikoni kwa mama yake Benadeta.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa Iringa hauna kizuizi. Vyumba vilikuwa vya vitanda viwili, sakafu ya saruji, dirisha moja lenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa gazeti. Mimi nilitoka Mbeya nikidhani najua baridi. Benadeta alinicheka. Yeye alikuwa Mhehe wa pale pale, kijiji chao kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na alikuwa na desturi ya kupasha jiwe moto jikoni kwa wapishi, kuliviringisha kwenye khanga kuukuu na kuliweka miguuni kitandani. Jiwe la pili aliniletea mimi bila kuniuliza. Alikuwa mrefu, mwenye viganja vikubwa na sauti ya chini, na kwenye mazoezi ya kufundisha hakuna aliyemfikia. Sisi wengine tuliingia darasani na andalio la somo tumelishika kama ngao. Yeye aliingia na punje za mahindi mfukoni, akawauliza watoto swali moja, na darasa zima likasogea mbele. Wakufunzi walishaanza kusema atabakizwa chuoni afundishe walimu wenzake. Alilisikia hilo na alilitaka, na aliniambia wazi kwamba analitaka.

Somo la historia tulifundishwa na Mkufunzi Lutengano, Mnyakyusa mwenzangu, kijana bado, mwenye suti moja ya kijivu na hasira ya kudumu. Hasira yake ilikuwa juu ya vitabu alivyosomeshwa yeye, vilivyosema Afrika haikuwa na historia mpaka meli za wageni zilipotia nanga. Alituchorea Meroe na Aksum ubaoni, akatuchorea kuta za Zimbabwe zilizosimama bila chokaa, akatuonyesha jinsi dhahabu ilivyoshuka mpaka Kilwa. Siku moja alitupeleka Isimila, kule kwenye makorongo na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, akampa kila mmoja wetu jiwe lililochongwa na watu wa kale kabisa, tulishike. Lilikaa mkononi sawasawa, kidole gumba kikapata mahali pake. Mkufunzi akasema mtu aliyelichonga alikuwa na mkono kama wako, na akili kama yako, basi. Mimi ni mgumu kuvutwa na maneno ya walimu, lakini siku ile nilivutwa. Tuliporudi akatangaza kwamba mwezi wa sita chuo kitafanya maonyesho ya kazi za wazee wetu, hasa chuma, maana watu wa nyanda hizi waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri ya udongo kabla mgeni yeyote hajawafundisha. Kila mwanachuo alete kitu kutoka kwao.

Benadeta alisema kwao kuna jembe. Jumapili ile tulienda watatu, yeye, mimi na Mkufunzi. Nyumba ya kina Benadeta ilikuwa mpya, ya mwaka wa kuhamia vijijini, kuta zake bado hazijakauka vizuri, lakini jiko lilikuwa na masizi kana kwamba lilikuwapo tangu zamani, kwa sababu mama yake alikuwa amehama na kichanja chake. Kichanja kilining'inia juu ya meko kikiwa na mahindi ya mbegu, nyama ya kukausha, na kwa nyuma kabisa kitu kilichofungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Tulisalimiana kamwene, kamwene, tukala ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na Mkufunzi akapewa kata ya ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo hakuizoea. Kisha mama akapanda juu ya kigoda akakiteremsha kile kitu. Lilikuwa jembe pana, lenye umbo la moyo, jeusi kwa moshi, na badala ya tundu la kutia mpini lilikuwa na mkia mrefu uliochongoka. Halikuwa na mpini. Mkufunzi aliligonga kwa ukucha, likalia, na machozi yakamlengalenga. Mama alieleza kwamba liliingia nyumbani kwa ajili ya binti yake mkubwa alipoolewa, na kwamba linamsubiri Deo. Deo ni kaka yake Benadeta, na alikuwa amechumbia binti wa Kibena upande wa Njombe, jina lake Melania. Mkufunzi aliandika haya yote. Akaliomba kwa ajili ya maonyesho. Mama alimtazama mwanawe, akatazama ile suti, akasema, "Chukua, mwalimu. Ila lirudi kama lilivyo."

Nimeyapima sana maneno hayo matatu ya mwisho. Mkufunzi alielewa kwamba lisipotee na lisivunjike, na mimi nilielewa vivyo hivyo. Benadeta, aliyezaliwa chini ya kichanja kile, naye alielewa vivyo hivyo, maana mambo ya majembe yale mabinti walikuwa wakiambiwa wiki ya kuolewa, na yeye alikuwa hajafika huko. Alilijua jembe kama unavyolijua sanduku la mama yako, kwamba lipo na usiliguse.

Maonyesho yalifana. Bwalo lilipambwa kwa karatasi za manila, kulikuwa na vyungu, mikuki, mivukuto ya ngozi, na mawe ya Isimila juu ya kitambaa cheupe. Jembe la kina Benadeta liliwekwa mezani peke yake. Mgeni rasmi alikuwa ofisa wa kilimo, mtu mwenye tumbo na utani mwingi, akalishika akalipima uzito, akasema hivi vitu ni vizuri kutazama, ila tusidanganyane, mtu hawezi kulima nalo hata robo eka. Watu wakacheka. Nilimwona Mkufunzi akibadilika uso. Alimwita fundi seremala wa chuo, mpini ukachongwa haraka, wa rungu, ukatobolewa kwa chuma cha moto, mkia ukagongomewa ndani. Tukatoka wote mpaka shamba la chuo lililokuwa limelala tangu mavuno, ardhi imekauka kama tofali. Mkufunzi akauliza nani atalima. Benadeta alishavua viatu. Akalima tuta zima bila kunyanyuka, wakati kijana mmoja akishindana naye kwa jembe la kiwandani, na lile la kiwandani lilipogonga jiwe likajikunja ncha. La Benadeta liligonga jiwe hilo hilo likatoa cheche, likaendelea. Hata ofisa wa kilimo alipiga makofi. Benadeta alisimama mwishoni mwa tuta, jasho linamtoka, vumbi mpaka magotini, anacheka. Nikitaka kumkumbuka mzima namkumbuka hapo.

Jumapili iliyofuata tukalirudisha. Mkufunzi alikuwa ametoa mpini na kulisugua jembe kwa mchanga na mafuta mpaka likang'aa kama sufuria ya arusi, akaliviringisha kwenye kitambaa kipya. Tukakaa jikoni, Benadeta akasimulia lile tuta na lile jiwe, na Mkufunzi akaongezea pale aliposahau. Mama alilifungua lile furushi mapajani. Alitia kidole penye mkia, mahali ambapo udongo kidogo ulikuwa umebaki kwenye kutu, akaunusa. Kisha akatupakulia chakula kama kawaida, akauliza habari za wazazi wa Mkufunzi, akamwongezea mboga. Alipomaliza ndipo akasema, "Mwalimu, nilisema lirudi kama lilivyo." Mkufunzi akajibu kwamba limerudi zima, tena safi kuliko lilivyotoka. "Hilo halilimiwagi," mama akasema. "Jembe la mtu halionjagi udongo. Likishaonja, limeshaolewa na shamba." Hakupaza sauti. Alilirudisha kwenye ngozi yake, lakini hakulipandisha kichanjani. Alilisimamisha nyuma ya mlango, pamoja na majembe mengine.

Shangazi yake Melania alikuja baada ya wiki chache kukamilisha maneno ya mahari. Mimi na Benadeta tulikuwa chumba cha pili tukichambua maharage, na kwa kuwa ukuta haukufika darini tulisikia kila kitu. Mama yake hakujaribu kuficha. Alilileta jembe, akaeleza lilikokwenda na lilichofanya. Shangazi naye hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole kwamba amesikitika, kwamba Deo ni kijana wao, lakini kwamba jembe hilo wangelipokea wao, kaka yake Melania angeoa na nini? Nani angelipokea kwake? Zamani, akasema, ungekwenda kwa mhunzi akayeyusha lingine. Sasa tanuri la mwisho limezimwa tangu bibi yake akiwa msichana, na yaliyobaki ndiyo haya yanayozunguka, linatoka huku likileta binti, linakwenda kule. Ng'ombe wanazaliwa, akasema, majembe hayazaliwi. Akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba kuna kijana mwingine aliyewahi kupita kwao, na nyumbani kwa kijana huyo jembe lipo. Watasubiri mpaka mvua za mwaka ule, si zaidi. Benadeta aliacha kuchambua. Alikuwa ameshika harage moja lililotobolewa na mdudu akilizungusha vidoleni, na sikumwona akinitazama.

Mkufunzi Lutengano aliposikia aliumia kweli. Wapo wasomi ambao wangesema ni mila potofu na kulala usingizi, yeye hakulala. Alijua kwamba Wanyiha wa Mbozi walikuwa wayeyushaji wakubwa, na alikuwa na hakika kwamba huko jembe litapatikana. Likizo ya mwezi wa tisa tukapanda basi sote watatu, maana mimi nilikuwa nakwenda nyumbani Mbeya. Tulisimama Chimala tukala wali wa Usangu na maharage, na Benadeta, mtoto wa ugali, akasema ule wali unanukia kama poda ya mtoto. Hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho ninachokikumbuka safari ile. Kesho yake tukafika Mbozi. Tulielekezwa kwa mzee mmoja mkulima wa kahawa, tulimwita Baba Ezekia, ambaye shambani kwake palikuwa na tanuri bado limesimama. Lilikuwa la udongo, refu kumzidi Mkufunzi, limepasuka upande mmoja, na mkewe alilitumia kuhifadhia kuku wa kutamia. Chini yake, popote ulipokanyaga, palikuwa na taka za chuma, nyeusi, zenye matundu kama mkate. Mkufunzi alizunguka tanuri akiligusa. Alimweleza mzee mambo ya joto na hewa na mkaa, na mzee alimsikiliza kwa adabu.

Ndani, baada ya uji wa ulezi, Mkufunzi akaomba auziwe jembe. Baba Ezekia alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Kisha akacheka, si kwa dharau. "Hatuuzagi jembe hapa, mwalimu," alisema. "Jembe linatokaga likienda kuchukua mtu." Alikuwa nalo moja, aliloachiwa na baba yake, na lilikuwa la kijana wake Ezekia, fundi wa matrekta, aliyekuwa muda ule amelala chini ya trekta nje, miguu tu inaonekana. Mzee akamtazama Benadeta na kuuliza, nusu utani, kama huyu binti ameshachumbiwa. Mkufunzi akasema haraka kwamba huyu ni mwanachuo. Lakini tulipotoka Benadeta alisimama kidogo karibu na trekta, Ezekia akajitokeza na mafuta usoni, wakazungumza. Nilikuwa mbali. Nilichosikia ni Ezekia akiuliza, na Benadeta akijibu, kwamba ndiyo, ni yeye aliyelima.

Ezekia alikuja Iringa mwezi uliofuata akisema ametumwa vipuri. Akaja tena bila kusema ametumwa nini. Mimi nilikuwa nimekasirika. Usiku chumbani nilimwambia Benadeta kwamba amebakiza muhula mmoja, kwamba chuo hakimruhusu mwanachuo kuolewa, kwamba Deo ni mtu mzima na anaweza kutafuta mwingine, na kwamba anajigeuza jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea ukuta, lile jiwe la moto likiwa miguuni. Akasema, "Tusekile, wewe unaona nauzwa. Mimi naona nililima." Nikamuuliza kama anampenda Ezekia. Akasema anampenda kiasi cha kuanzia. Mpaka leo sijui kama alisema hivyo kuninyamazisha au ndivyo ilivyokuwa, na miaka yote niliyomtembelea sikuwahi kuuliza tena.

Mkufunzi alimwita ofisini, nami nikaitwa niwepo. Alikuwa amepungua mwili. Alimwomba asiondoke. Alisema kosa ni lake, atakwenda Njombe mwenyewe kuzungumza na wale wazee, ataeleza kwamba zama zimebadilika, kwamba taifa linahitaji walimu kama yeye. Alizungumza vizuri, nadhani hakuwahi kuzungumza vizuri kuliko siku ile. Benadeta alisimama na mikono nyuma kama tulivyofunzwa kusimama mbele ya mkufunzi. "Mkufunzi," akasema, "wewe ulitaka watu waone kama jembe lile linafanya kazi. Ndivyo linavyofanya kazi." Mkufunzi Lutengano alikaa. Katika muhula uliobaki hakutufundisha tena habari za chuma. Tulimalizia na biashara ya Kilwa.

Jembe la Baba Ezekia liliwasili mvua zilipoanza, jeusi, halina mpini, limefungwa kwenye gome la mti. Mama aliligusa mkia, akalinusa, akalipandisha kichanjani. Halikukaa hata mwezi. Likaenda Njombe, na Melania akaja. Nilikuwapo arusi zote mbili. Siku Benadeta anaondoka, mama yake alilitoa lile jembe la kwanza nyuma ya mlango, akalitia mpini mgumu wa mti wa mlimani, akampa. "Hili ni lako," alimwambia. "Mlishaoana." Watu walicheka na mama mwenyewe alicheka, halafu akaingia ndani na hakutoka mpaka basi lilipoondoka.

Mimi nilimaliza chuo. Nilifundisha Meroe na Zimbabwe na matanuri ya Wanyiha katika shule nyingi za Mbeya, na wanafunzi wangu walifaulu. Kwa miaka mingi nilimhesabu Benadeta kama hasara, na nilimhurumia kwa namna ambayo nadhani aliiona. Yeye alilima kahawa, alizaa, na kampeni ya kisomo ilipofika kijijini alifundisha watu wazima kusoma kwenye kivuli cha lile tanuri, bila cheti. Niliwahi kufika somo likiendelea. Alikuwa na punje za mahindi mfukoni. Nilikaa nyuma kabisa, na niliondoka nikiwa na wivu, ndilo neno lake, sina lingine.

Siku ya kutawanya msiba, Ezekia, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliniita pembeni. Akasema marehemu ameacha neno, kwamba lile jembe apewe Tusekile akawaonyeshe wanafunzi. Nikamwambia sina wanafunzi siku hizi. Hata hivyo akamtuma mjukuu wao wa kike alilete. Ule moyo mpana nilioushuhudia ukitoa cheche ulikuwa umeliwa na udongo wa Mbozi msimu kwa msimu, umebaki kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, chembamba, ncha imeng'aa kwa kazi. Mpini ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono. Nikaona pale penye mkia udongo mbichi, wa siku mbili tatu. Nikamuuliza yule msichana nani analitumia. "Mimi, bibi," akasema. "Kwenye vitunguu. Yale mengine mazito, yananing'olea mche." Nilikaa nalo mapajani kitambo. Nilijua vizuri sana lingekaa wapi kwangu: kabatini, kwenye kioo, limesuguliwa. Nikamrudishia. Nikamwambia alime nalo mpaka liishe, na likishaisha anipigie simu, nitakuja kuchukua mpini.